Mama Hattie McDaniel: Maisha na Kazi ya Mchekeshaji

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikundi cha maigizo na wageni wake, siku ya kuadhimisha kuanzishwa kwa kikundi. Yamechapwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Katibu aliponiomba niseme maneno mawili matatu, alitaka nieleze faida za maigizo katika kuelimisha jamii. Naomba aniwie radhi. Faida hizo tumezisikia katika kila semina, na wengine wetu tunazijua kwa moyo kama sala. Nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu mmoja, mwanamke mchekeshaji, kwa sababu ya ubishi uliotokea hapa hapa majuma machache yaliyopita.

Mtakumbuka. Katika mchezo utakaoonyeshwa leo baada ya maneno yangu, yuko mama mmoja anayecheza kama mpishi mnene, mwenye makelele, asiyeweza kuuzuia ulimi wake mbele ya bosi. Siku ya mazoezi watu walicheka hadi wakashika mbavu. Baadaye wazee wawili walikuja mbele ya Kamati wakaomba sehemu hiyo iondolewe. Hoja yao ilikuwa kwamba tutakuwa na wageni, na wageni watarudi makwao wakisema mkimbizi ni kiumbe wa kuchekwa. Mama mwenyewe akaitwa ajieleze. Alijibu kwa kifupi: "Miaka mitatu nimecheza mama anayelia, hamkuniita. Leo nachekesha, mnaniita." Kamati ikakosa la kusema, ikaahirisha kikao. Mimi nami nilikuwamo, nami sikuwa na la kusema. Nikiwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipomkumbuka Hattie McDaniel, ambaye maswali kama haya yalimfuata maisha yake yote, na hata kaburini.

Hattie alizaliwa tarehe 10 Juni 1893 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, nchini Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto 13. Baba yake, Henry, na mama yake, Susan, wote wawili walikuwa wamepata kuwa watumwa. Baba alipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, vita vilivyokomesha utumwa katika nchi ile, akarudi na majeraha yaliyomtesa. Alipodai pensheni ya askari alihangaishwa miaka mingi. Kwa watu wa kambi hii sidhani kama hapana budi nifafanue maana ya kuhangaikia karatasi. Mama alikuwa mwimbaji wa nyimbo za dini, na riziki ya nyumba ilitokana na kufulia watu nguo na kazi nyingine za namna hiyo.

Familia ilihamia jimbo la Colorado, hatimaye ikakaa mji wa Denver. Huko Hattie alisoma shule pamoja na watoto wa Kizungu, jambo ambalo majimbo ya Kusini hayakuliruhusu. Mwaka 1910 alishiriki shindano la kughani mashairi lililoandaliwa na umoja wa wanawake Wakristo waliokuwa wakipinga ulevi. Alichagua shairi linalomhusu mfungwa, akaghani, akapewa nishani ya dhahabu. Baada ya hapo shule haikumshika tena. Aliwafuata kaka zake barabarani katika vikundi vya maonyesho.

Hapa yafaa nisimame kidogo, kwa maana bila kueleza maonyesho hayo yalikuwa ya namna gani, mengine yote hayataeleweka. Katika karne ya 19 Wazungu wa Marekani walianzisha mchezo wa kujipaka masizi usoni na kuwaigiza watu weusi: wanavyotembea, wanavyosema, wanavyocheza ngoma, yote kwa dhihaka. Ulipendwa mno. Baada ya utumwa kwisha, watu weusi wenyewe waliingia katika kazi hiyo, kwa kuwa jukwaa jingine hawakupewa. Nao ikawabidi wakati mwingine wajipake masizi juu ya weusi wao. Mmoja wa watu waliochekwa sana katika michezo hiyo alikuwa mtumishi wa kike mnene, mwenye kitambaa kichwani, anayewapenda watoto wa bwana wake kuliko watoto wake mwenyewe. Aliitwa Mammy.

Mwaka 1914 Hattie na dada yake Etta waliunda kikundi chao cha wanawake watupu mjini Denver. Mammy alikuwamo. Lakini wanaoeleza historia yake wanasema kwamba mbele ya watu weusi wenzake Hattie alimcheza Mammy kwa kumzidisha, hata watazamaji wakaona kwamba kinachochekwa ni yule Mammy wa kubuniwa na Wazungu, wala si mama zao. Naomba mlishike jambo hili, nitalirudia. Kicheko kile kile kikipelekwa mbele ya watu wengine chaweza kugeuka kikawa na maana nyingine kabisa.

Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1915, wakiwa wameoana miaka minne tu. Aliolewa mara nne kwa jumla na hakupata mtoto. Sitakaa sana hapo, maana waandishi wanapoandika juu ya wanawake wa sanaa, hupenda kuhesabu waume kuliko kuhesabu kazi. Katika miaka ya 1920 aliimba na bendi ya George Morrison ya Denver, aliimba katika redio, na kuanzia mwaka 1926 alirekodi sahani za santuri mjini Chicago, baadhi zikiwa nyimbo alizotunga mwenyewe. Alikuwa anapanda. Kisha ukaja mwaka 1929, masoko ya fedha yakaanguka, majumba ya maonyesho yakafungwa, na Hattie akajikuta karibu na mji wa Milwaukee bila kazi. Kazi iliyopatikana ilikuwa katika klabu moja ya usiku: kuwa mhudumu wa choo cha wanawake, kuwashikia wageni taulo.

Mwanamke aliyekwisha kurekodi santuri akashika taulo. Wako humu walimu wanaobeba matofali na wauguzi wanaouza mandazi, kwa hiyo najua mnanielewa. Mwenye klabu hakutaka kumpandisha jukwaani. Mwishowe alikubali, na Hattie akaimba, na tangu hapo akawa mwimbaji wa kawaida wa klabu ile.

Mwaka 1931 alikwenda Los Angeles, mji wa sinema, alikokuwa kaka yake Sam na dada zake. Sam alikuwa na kipindi katika redio, akamwingiza dada yake. Hattie akabuni mtumishi wa nyumbani mwenye amri nyingi ambaye kila mara anasahau kwamba yeye ni mtumishi. Wasikilizaji walimpenda. Lakini ujira wa redio ulikuwa mdogo hata ikambidi aendelee kufanya kazi za ndani kwa watu. Fikirini jambo hilo: jioni anaigiza mtumishi mbele ya kipaza sauti, asubuhi anaamka kwenda kuwa mtumishi kweli, na masufuria hayajui kama yeye ni mtu wa redio.

Katika sinema alianza kwa nafasi ndogo ndogo mwaka 1932, nyingi bila jina lake kuandikwa. Alikuwa mtumishi, mpishi, yaya, mfuaji, kisha mtumishi tena. Mwaka 1934 aliimba pamoja na Will Rogers, mchekeshaji mashuhuri wa siku zile, katika sinema ya Judge Priest. Mwaka 1936 alikuwamo katika Show Boat pamoja na Paul Robeson. Lakini mimi ningependa nikae zaidi na ile ya mwaka 1935, inayoitwa Alice Adams, kwa manufaa ya vijana wa kikundi.

Katika sinema ile kuna familia ya Kizungu isiyo na uwezo inayojifanya tajiri kwa sababu binti yao amealika kijana wa ukoo wa matajiri kwa chakula cha jioni. Wanakodi mtumishi kwa usiku ule mmoja, naye ni Hattie. Jioni ile ni ya joto kali, na wao wamepika vyakula vya moto, vizito. Hattie anaingia amevaa kofia ndogo nyeupe ambayo haikai sawa kichwani; anatafuna chingamu; anatembea kama mtu ambaye miguu imemwuma tangu juzi. Hasemi karibu neno lolote. Anaweka sahani, anatazama, anaondoka. Kila mara anapoingia, uongo wa familia ile unazidi kuonekana. Kazi ya kuchekesha ameifanya kwa mwendo na kwa macho tu. Nasi tunapocheka, hebu tuulizane, tunamcheka nani? Mtumishi, au wale walio mezani waliojipamba kwa vitu wasivyo navyo? Mimi nimeitazama sehemu ile mara nyingi na kila mara naona ni mtumishi anayewacheka wao, ila anakula mshahara wao kwa hiyo anacheka kwa ndani.

Wazee waliowahi kufanya kazi za boi katika nyumba za wakubwa enzi za ukoloni, wapo humu, watatwambia kama uso ule upo au haupo.

Sasa tufike kwenye sinema iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Mwaka 1939 ilitolewa Gone with the Wind, iliyotoka katika kitabu cha Margaret Mitchell cha mwaka 1936. Ni hadithi ya binti wa mwenye shamba la watumwa huko Kusini, wakati wa vita ile ile ambayo baba yake Hattie alipigana. Nafasi ya Mammy waliitaka waigizaji wengi, akaipata Hattie. Lazima niseme wazi: sinema ile inapamba utumwa. Inaonyesha watumwa wanaoridhika na mabwana wenye huruma. Magazeti ya watu weusi yaliilalamikia hata kabla haijakamilika, na tusi moja kubwa lililokuwamo katika kitabu liliondolewa kwa sababu ya malalamiko hayo.

Ndani ya sinema hiyo Hattie alifanya nini? Mtaona anamfunga binti wa bwana wake nguo ya kubana kiuno, anavuta kamba, huku akimgombeza ale kabla ya kwenda karamuni. Yeye ndiye anayejua sheria zote za nyumba. Anamwona binti akidanganya wanaume, naye anajua anadanganya. Kuna mahali bwana mmoja aliyemletea gagulo jekundu la hariri anamsikia akitembea, gagulo linachakacha, naye anainua upindo wa gauni kidogo kumwonyesha kwamba amelivaa, kwa aibu na maringo kwa pamoja. Watu hucheka hadi leo. Halafu, karibu na mwisho, mtoto amekufa katika nyumba ile, na Mammy anapanda ngazi ndefu pamoja na mgeni huku akieleza yaliyotokea. Anaeleza, analia, anaendelea kupanda. Mtu yule yule aliyetuchekesha. Nawaomba vijana muitazame sehemu hiyo ya ngazi. Siku hizi sinema hii inapatikana hata katika simu. Wengi huamini kwamba ngazi ile ndiyo iliyompa tuzo.

Lakini kabla ya tuzo kulikuwa na uzinduzi. Sinema ilizinduliwa Atlanta, jimbo la Georgia, tarehe 15 Desemba 1939, kwa shangwe kubwa. Hattie hakuwapo. Sheria za ubaguzi za Georgia hazikuruhusu watu weusi kukaa na Wazungu katika jumba lile, hivyo waigizaji weusi hawakwenda. Inasimuliwa kwamba Clark Gable, nyota wa sinema ile, alikasirika akataka naye asiende, na Hattie ndiye aliyemsihi aende.

Tarehe 29 Februari 1940 zilitolewa tuzo za Oscar katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles. Hoteli ile haikupokea weusi. Mtengenezaji wa sinema, David O. Selznick, ilimbidi aombe ruhusa maalumu ili Hattie aingie. Aliingia, akawekwa kwenye meza ndogo kando, karibu na ukuta, mbali na meza ya wenzake wa sinema ile ile. Jina lake likatajwa: mwigizaji msaidizi bora wa kike. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Oscar. Alitembea kutoka ukutani hadi mbele, akasema anatumaini daima atakuwa heshima kwa watu wake na kwa kazi ya sinema, machozi yakamzidi, akashukuru, akarudi kwenye meza yake ukutani. Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg mwaka 1991. Kati yao imepita miaka 51.

Mtu angedhani sasa milango itafunguka. Waliomwajiri walimpa tena aproni. Mwaka 1942, katika sinema ya In This Our Life, alipata nafasi ya heshima: mama wa kijana anayesomea sheria ambaye anasingiziwa kosa la kumgonga mtu kwa gari, kosa lililofanywa na Mzungu. Alicheza vizuri mno, bila kichekesho hata kimoja. Nafasi kama hiyo haikuja mara nyingi.

Na hapo ndipo wazee wetu wawili wanapoingia katika hadithi, maana Hattie naye alikuwa na wazee wake. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwataka wakubwa wa sinema waache kuwaonyesha weusi kama watumishi na wapumbavu tu. Waigizaji waliokuwa wakiishi kwa nafasi hizo walihisi kwamba wanasemwa wao. Hattie alisemwa kuliko wote. Jibu lake linasimuliwa hadi leo kwa namna mbalimbali, na kiini chake ni kwamba yeye aona heri kulipwa mamia ya dola kwa juma akiigiza mtumishi, kuliko kulipwa dola saba akiwa mtumishi kweli.

Ni jibu la kuchekesha, na kwa mtu aliyeshika taulo za klabu ni jibu la haki. Hata hivyo nisingependa tumshangilie upesi, kwa sababu waliomkosoa hawakuwa wajinga wala wenye wivu. Katika miaka ile watu weusi walikuwa wakiuawa na makundi ya wenye hasira bila kesi. Mzungu wa mji mdogo ambaye hakuwa na rafiki mweusi hata mmoja alijifunza katika sinema kwamba mweusi huridhika na jiko. White alikuwa anasema kwamba kicheko cha Denver, mbele ya watu wanaomjua Mammy wa kweli, kikipelekwa katika majumba elfu ya Wazungu hakibaki kicheko kile kile. Hilo ni kweli. Na wazee wetu wawili walilisema jambo hilo hilo kwa maneno yao. Nami nilipokuwa njiani siku ile nilianza kuona kwamba nimewahukumu vibaya.

Ila sikilizeni habari ya nyumba.

Hattie alinunua nyumba kubwa nyeupe katika mtaa wa West Adams Heights, Los Angeles. Weusi wenye uwezo walikuwa wameanza kuhamia mtaa huo, wakauita Sugar Hill. Jirani zake walikuwa pamoja na waigizaji wenzake Louise Beavers na Ethel Waters. Hati za viwanja katika mtaa ule zilikuwa na sharti kwamba viwanja visiuzwe kwa watu weusi wala visikaliwe nao. Baadhi ya majirani Wazungu wakafungua kesi kutaka watolewe. Nyumba walikuwa wameinunua kwa fedha zao, wamelipa, wamehamia, wamepanda maua. Kisha wanaambiwa watoke kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa kabla yao.

Hattie hakutoka. Aliwakusanya majirani nyumbani kwake, wakajipanga, wakamchukua wakili Loren Miller, mwanasheria mweusi hodari sana katika mambo hayo. Kesi ilisikilizwa Desemba 1945 mbele ya Jaji Thurmond Clarke, ambaye alikwenda kuutazama mtaa kwa macho yake. Kisha akaitupa kesi, akisema wakati umefika kwa watu weusi kupewa kikamilifu haki walizoahidiwa na katiba katika badiliko lake la 14. Haikuwa kawaida katika siku zile jaji kusema hivyo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iitwayo Shelley dhidi ya Kraemer, iliamua kwamba mahakama yoyote nchini isitumike kutekeleza masharti ya namna ile. Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliohusika katika kesi zilizoamuliwa pamoja siku hiyo.

Fedha ya nyumba ile ilitoka wapi? Ilitoka kwa Mammy. Zile dola za aproni na chingamu ndizo zilizonunua ukuta ambao nyuma yake mwanamke yule alisimama akakataa kuhama. Sisemi kwamba hilo linafuta yote. Nasema lihesabiwe. (Kwa wanaopenda kujua: miaka ya 1960 serikali ilipitisha barabara kuu katikati ya Sugar Hill, na nyumba nyingi zikabomolewa. Ya Hattie ilibaki.)

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza kitengo cha wasanii weusi kilichokwenda kuwaburudisha askari weusi, kwani hata jeshini waliwekwa mbali. Mwaka 1947 alichukua kipindi cha redio kiitwacho Beulah, mtumishi wa nyumba ya Wazungu, ambaye hadi wakati huo sauti yake ilikuwa ikitolewa na wanaume wa Kizungu. Hattie akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa nyota wa kipindi chake mwenyewe katika redio ya taifa zima. Na safari hii aliingia na masharti yake: hatasema ile lugha iliyovunjwavunjwa ambayo watunzi walidhani ndiyo lugha ya weusi. Beulah alibaki mtumishi, lakini akasema kama mtu. Hata baadhi ya waliokuwa wakimkosoa walilegeza. Ilimchukua zaidi ya miaka 15 tangu kufika Los Angeles hadi kupata uwezo wa kusema neno hilo moja, kwamba hivi sitasema.

Beulah ilipoingia katika televisheni, aliigiza vipindi vichache tu mwaka 1951, akaugua. Alikuwa na kansa ya titi. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952, akiwa na miaka 59, katika hospitali ya wasanii wa sinema. Aliacha wosia: jeneza jeupe, maua meupe, na azikwe katika makaburi ya Hollywood wanakolala wenzake wa sinema. Makaburi yale yalikuwa ya Wazungu tu. Wakamkataa. Alizikwa Rosedale, makaburi yaliyopokea watu wa rangi zote. Mwaka 1999, makaburi ya Hollywood yakiwa na mmiliki mwingine, jamaa zake waliambiwa sasa anaweza kuhamishiwa huko. Walikataa kumsumbua. Ukajengwa mnara wa kumbukumbu tu kando ya ziwa lililomo humo.

Tuzo yake, ambayo enzi hizo haikuwa sanamu bali kibao kidogo, aliiachia Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo kikongwe cha watu weusi. Ikapotea. Imetafutwa miaka mingi bila kuonekana. Tarehe 1 Oktoba 2023 wenye tuzo za Oscar walikipa chuo kile kibao kingine mahali pa kile kilichopotea.

Sasa nirudi kwenye kikao chetu kilichoahirishwa, maana nadhani naweza kuchangia. Wazee wetu, hofu yenu nimeielewa, na mpishi wetu asiposindikizwa na mtu mwingine jukwaani kweli wageni watabaki naye peke yake vichwani mwao. Lakini nimeupitia mchezo huu karatasi kwa karatasi. Mkimbizi ndani yake ama analia ama anachekesha. Hakuna mkimbizi anayefundisha, hakuna anayetibu, hakuna anayeshinda kesi. Aliyeandika ni mimi. Kwa hiyo kama kuna wa kuitwa mbele ya Kamati ajieleze, si yule mama. Nimeahidi kuandika sehemu mbili mpya kabla ya msimu wa mvua, na moja ni ya mwanasheria mwanamke, naye mama huyu huyu ndiye atakayeicheza akitaka. Leo mtamwona kama mpishi. Nimewaomba wazee wale wawili wakae mbele kabisa, nao, nawashukuru, wamekubali.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Na kule nyuma ya turubai naona mpishi amekwisha funga kitambaa chake, amepandisha mikono kiunoni, ananiangalia kwa jicho ambalo ningependa Mama Hattie angeliona. Watoto, sogeeni kidogo, mmekalia kamba ya pazia.